Mwalimu Aliyejicheka Mbele ya Wageni

Nyie, mmewahi kumwona mtu anajicheka mwenyewe mpaka machozi yanamtoka, na hana habari kama anayechekwa ni yeye?

Mimi nimemwona. Kwa macho yangu haya, hapa hapa Mkuza, Kibaha, Jumamosi asubuhi, ukumbi umejaa wageni.

Na mtu mwenyewe ni shoga yangu. Tunakaa meza moja ofisini, tunachangia chai na muhogo wa kuchemsha. Ndiyo maana habari hii sikuiandika muda wote huu. Juzi mwenyewe kanishika mkono kaniambia, "Iandike. Andika yote, na usinipambe."

Haya, simpambi.

Anaitwa Mwalimu Mwamini. Anafundisha hisabati darasa la saba kwenye shule ya msingi ambayo na mimi nafundisha Kiswahili. Jina la shule niachieni mwenyewe, kazi bado naihitaji.

Mwamini ni Mzaramo wa Mzenga, Kisarawe ya ndani kabisa. Na ana mdomo, jamani! Mkikaa naye kikao cha saa nzima, mbavu huna. Watoto wanampenda, wazazi wanampenda. Hesabu zake zinaeleweka mpaka na mtoto aliyekuja shule kwa ajili ya uji tu.

Na utani ndiyo damu yake.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Hemedi, ni Mnyamwezi, na mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Asubuhi Mwamini akimkuta getini anaanza, "We Mnyamwezi, mizigo ya babu yangu umeshaitua?" Mwalimu mkuu naye hakawii, "Babu yako yupi? Yule aliyelala chini ya mnazi akisubiri nazi imdondokee mdomoni?" Wanacheka, wanagongeana mikono, kazi zinaendelea.

Mwalimu mkuu alipofiwa na mama yake, Mwamini alikwenda msibani akakalia sufuria la wali. Akagoma kuinuka. "Wali wa marehemu hauliwi mpaka nipozwe kwa hela ya mtani!" Watu walicheka huku wanajifuta machozi. Mwalimu mkuu mwenyewe alisema siku ile Mwamini ndiye aliyemwinua moyo.

Huo ndio utani. Mzuri, na una kazi yake.

Sasa, kwenye darasa la Mwamini alikuwepo mtoto mmoja, Firdausi.

Mama yake Firdausi, Zuwena, ni Mzaramo, anafungasha bidhaa kwenye kiwanda kimoja kule Zegereni. Baba yake ni Mchina, fundi wa mitambo. Mkataba ulipokwisha alirudi kwao, ila simu hupiga kila Ijumaa na mtoto hamsahau. Firdausi kachukua rangi ya baba, nywele za baba na macho ya baba. Akifungua mdomo ndiyo unajua huyu ni wa Pwani hii hii.

Mwamini alikuwa hamwiti Firdausi. Alikuwa anamwita Mchina.

Akikosa hesabu: "Mnaona? Bidhaa ya Kichina hiyo, haina waranti!" Darasa zima chini. Akipata: "Ee, leo Mchina orijino!" Darasa chini tena. Akisinzia: "Amka wewe, au ndiyo macho yako yalivyo?"

Na Firdausi alikuwa anainamisha kichwa, anatabasamu.

Mwamini aliniambia hilo tabasamu ndilo lililomdanganya. Alidhani mtoto anafurahi.

Basi bwana, ikaja semina. Semina yenyewe ya walimu, kuhusu ubaguzi darasani: kabila, rangi, dini, namna ya kumfanya kila mtoto ajione ana haki sawa na mwenzake. Shule ikatakiwa itoe mtu mmoja, na mtu anayeongea vizuri kwetu ni nani? Mwamini. Akaenda, akarudi na cheo cha mwezeshaji. Kazi yake sasa ni kutufundisha sisi wengine.

Na kweli alijituma. Akaandaa mafunzo ya Jumamosi, akaalika walimu wa shule za jirani. Mwalimu Zahoro, aliyewafundisha kwenye semina, akakubali kuja kuangalia.

Ili mambo yanoge, Mwamini akawaambia watoto wa darasa lake waandae igizo.

"Mada ni mtu anayewabagua wenzake," akawaambia. "Msitunge. Igizeni jambo mliloliona kwa macho yenu. Na msinionyeshe kabla, nataka kushtukizwa kama wageni wengine."

Jamani, mwanadamu!

Wiki hiyo Firdausi hakuwepo shuleni, na wiki iliyotangulia hakuwepo pia. Mwamini aliulizia mara moja, akaambiwa anaumwa, yuko kwa bibi yake. Akasema, "Mungu amponye," akaendelea na maandalizi.

Jumamosi ikafika. Viti vimepangwa, maji ya chupa mezani, Mwamini kapiga gauni la kitenge, anang'aa. Akaongea kama nusu saa hivi, na aliongea vizuri, sitaki kumnyima haki yake. Akasema neno la mwalimu linaishi kwa mtoto miaka na miaka. Tukapiga makofi.

Igizo likaanza.

Akatokea binti anaitwa Saida, kajifunga kanga kiunoni, kashika rula ndefu. Akatembea kwa madaha, akasimama, akajishika nyonga. "Haya wanangu wa dhahabu, nani ananipa jibu?"

Wenzake walikuwa wamekaa kama darasa. Mmoja kati yao akasimama, akataja jibu, akakosea.

Saida akamgeukia taratibu. "Mnaona? Bidhaa ya Kichina hiyo! Haina waranti!"

Watoto waliokuwa wanaigiza darasa wakacheka. Cheko la kuigiza, la kwa pamoja, "Ha ha ha ha!"

Maneno yale nayajua yalikotoka.

Nikamtazama Mwamini. Anacheka! Wallahi anacheka, kajishika tumbo, anampigapiga mgeni wa pembeni begani. "Jamani huyu mwalimu wa wapi huyu? Hana hata haya!"

Saida akaendelea. "We Mchina, amka! Au ndiyo macho yako yalivyo?" Mwamini akachukua leso akajifuta machozi. "Mweh! Kuna walimu wana roho mbaya, nyie!"

Walimu wa shule yetu, kila mtu anaangalia viatu vyake.

Igizo likaisha. Makofi machache ya wageni. Mwalimu Zahoro akainuka, akawapongeza watoto, halafu akauliza swali ambalo mgeni yeyote angeliuliza.

"Saida, umeigiza vizuri sana mama. Huyo mwalimu mlimwona wapi?"

Saida akamtazama Mwamini. Kisha akamtazama mwalimu mkuu.

"Alituambia tusitunge," akasema.

"Nani aliwaambia?"

"Mwalimu Mwamini. Na huyo mwalimu ndiye yeye mwenyewe."

Mwamini alikuwa bado ana cheko usoni. Alinisimulia baadaye kwamba alisikia maneno yale, ila yalichelewa kumfikia. Kwanza aliiona kanga kiunoni mwa Saida, akakumbuka kwamba yeye ndiye anayejifunga vile akiogopa chaki. Halafu akaiona ile rula. Halafu akaisikia sauti yake mwenyewe, "Haya wanangu wa dhahabu."

Cheko likamfia mdomoni.

Akajaribu kujitetea. Ningekuwa mimi pengine ningefanya vile vile. Akasimama, akainua mikono, "Jamani, jamani! Ule si ubaguzi, ule ni utani! Mimi Mzaramo, nimezaliwa kwenye utani. Mwalimu mkuu si huyu hapa? Muulizeni, namtania kila siku ya Mungu!"

Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa, lakini hakuinua macho.

Mwalimu Zahoro akauliza kwa upole kabisa, "Ukimtania mwalimu mkuu, yeye anakujibu nini?"

"Hee! Ananirudishia mara mbili!"

"Vizuri. Na huyo mtoto, yeye alikuwa anakujibu nini?"

Mwamini akafungua mdomo.

Mwamini akafunga mdomo, akaufungua tena, akakaa chini.

Kwa sababu tulijua wote, na yeye akajua pale pale, kwamba Firdausi angejibu hata neno moja, angeitwa mtovu wa adabu na fimbo angekula.

Kumbe bado. Saida akaanza kulia. "Mwalimu, Firdausi haumwi. Aliniambia harudi tena. Na mtihani je?"

Ndiyo hapo, jamani. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa mlangoni, na jina la Firdausi limesajiliwa kwetu. Asipoufanya kwetu, haufanyi popote. Mtoto mwenye akili, anayekwenda kukosa sekondari kwa sababu ya vichekesho vya mwalimu wake.

Mafunzo yaliendelea bila Mwamini. Nilimkuta chooni, kafungua bomba, ananawa uso na kunawa tena. "Nilicheka," ananiambia. "Umeniona nilivyocheka? Nilimwita hana haya."

Nikamfungia bomba.

Jioni ile tukaenda Zegereni, tukamngoja Zuwena atoke zamu. Akatoka na wenzake, kachoka, vumbi mpaka kwenye kope. Alipomwona Mwamini akapiga goti kidogo. "Shikamoo mwalimu."

Mwamini ni mkubwa wake kwa miaka michache tu. Akamwinua upesi.

"Zuwena mdogo wangu, nimekuja kwa ajili ya Firdausi. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini, mwalimu?"

"Kwamba maneno yangu yanamuumiza."

Zuwena akashusha pumzi. "Kwenye kikao cha wazazi ulisema mbele yangu, 'Mama Mchina, huyu ulimwagiza mtandaoni?' Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Sasa ningefanyaje? Wewe ndiye unayebaki na mwanangu darasani."

Mimi nilikuwepo kikao kile. Nakumbuka cheko lake.

"Alikuwa anakaa juani," Zuwena akaendelea. Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Saa sita mchana, anajipaka mafuta ya nazi, anakaa uani jua linamwakia. Namwambia ingia ndani mwanangu, utaugua. Ananiambia, 'Mama, niache niive.' Anataka awe mweusi kama Saida. Akaungua shingo yote, ngozi ikambanduka. Ndipo nikampeleka kwa bibi yake."

"Bibi yake wapi?"

"Mzenga."

Mwamini akageuka akanitazama. Mzenga ni kwao. Wazazi wake wamezikwa Mzenga.

Kesho yake tukaondoka. Mlandizi tukachukua bodaboda, ile barabara ya vumbi. Mwamini kabeba sukari na doti ya kanga, kaviweka mapajani kama mtu anayekwenda kuposa. Alikuwa na hofu mbili, aliniambia baadaye. Ya kwanza mtoto akatae. Ya pili, wamtambue yeye ni mtoto wa nani.

Ya pili haikuchukua muda.

Bi Mwamvita, bibi yake Firdausi, alikuwa uani anamenya mihogo. Tukamwamkia, akatuitikia, akatutandikia mkeka. Akamkazia macho Mwamini. "We mwanangu sura yako si ngeni kwangu. Si wa marehemu Mashaka wewe?"

"Ndiye mimi, mama."

"Alaa! Karibu nyumbani! Umeolewa wapi siku hizi, unafanya kazi gani?"

"Nafundisha, mama. Kibaha. Namfundisha Firdausi."

Kisu cha Bi Mwamvita kikasimama kwenye muhogo.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Mjukuu wangu aliniambia mwalimu anayemwita hivyo ni Mzaramo mwenzetu," bibi akasema. "Nikamkatalia. Nikamwambia labda umesikia vibaya, mtu wa kwetu hawezi kumwita mtoto wa kwetu hivyo. Nilimgombeza, masikini."

Mwamini akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Akaomba radhi. Hakutaja utani. Hakutaja neno lolote la kujitetea. Analia, makamasi yanamtoka, mtu mzima na heshima zake.

Bi Mwamvita hakumzuia. Alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akasema, "Mimi si uliyemkosea. Yuko nyuma ya nyumba anacheza. Nenda kamwambie mwenyewe."

Tukaizunguka nyumba. Kabla hatujafika tukasikia sauti za watoto. Wanacheza shule.

Mwalimu ni Firdausi.

Kasimama mbele ya wadogo zake na watoto wa jirani, wamekaa chini kwenye mchanga. Pembeni kabisa, mbali na wenzake, amekaa mtoto mmoja mwembamba, kavaa shanga za wafugaji. Kule Mzenga siku hizi wapo wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Wakulima hawawapendi, kila siku kesi za mifugo kuingia mashambani. Wanawaita Mang'ati, na wakiita hivyo hawasemi kwa wema.

Firdausi akamwelekezea kijiti yule mtoto. "Wewe, saba mara nane?"

Mtoto akafikiri. "Hamsini na... nne?"

"Mnaona? Mang'ati huyo! Anajua kuhesabu mikia ya ng'ombe tu!"

Wadogo wakaangua kicheko.

Na yule mtoto mwenye shanga akainamisha kichwa, akatabasamu.

Nilimsikia Mwamini akisema kwa sauti ndogo sana, "Ya Rabi." Mwaka mzima alihangaika kumfundisha mtoto yule sehemu na desimali. Somo lililoshika kumbe ni hili.

Firdausi akageuka, akatuona. Kijiti kikamdondoka. Akapiga goti upesi, "Shikamoo mwalimu." Shingo yake bado ilikuwa na mabaka pale ngozi ilipobanduka.

Mwamini akaenda akapiga magoti kwenye mchanga mbele yake, mbele ya watoto wote. "Firdausi mwanangu, nimekuja kukuomba msamaha. Nilikuumiza, nikawafundisha wenzako wakuumize. Kosa ni langu, si lako."

Firdausi aliangalia chini.

Mwamini akajifuta uso, akamgeukia yule mtoto wa pembeni. "Na huyu mwenzako anaitwa nani?"

"Mang'ati."

"Jina lake."

Firdausi akafikiri. "Sijui, mwalimu. Tunamwita hivyo hivyo."

"Naitwa Paulina," mtoto akasema mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mwamini akamshika Firdausi mikono yote miwili. "Umemwona Paulina alivyoinama? Wewe unalijua lile tabasamu kuliko mtu yeyote hapa. Kwa nini umemwambia vile?"

Na Firdausi akamtazama mwalimu wake machoni, bila kiburi hata chembe, kama mtoto anayetoa jibu alilofundishwa akawa na uhakika nalo.

"Lakini mwalimu, si ni utani tu?"

Nyie, nimeona watu wamepigwa makofi. Nimeona watu wamesutwa kwa ngoma mtaani. Sijawahi kuona mtu akiaibika kama Mwamini alivyoaibika mbele ya yule mtoto wa darasa la saba.

Mwamini akasema, "Si utani. Mimi ndiye niliyekudanganya." Akamwomba radhi na Paulina pia. Paulina hakuelewa anaombwa radhi ya nini na mtu asiyemjua, akaangalia huku na huku. Firdausi ndiye aliyeelewa. Alimwendea mwenzake akakaa naye pale pale pembeni.

Mtaniuliza, je, mtoto alirudi?

Alirudi. Mtihani aliufanya, na aliufanya vizuri. Lakini kabla hajakubali kurudi alimwambia bibi yake neno moja, na bibi akatufikishia: "Nitarudi, ila sitaki kukaa darasa lake." Mwalimu mkuu akamhamishia mkondo wa pili. Hisabati akafundishwa na mwalimu mwingine, asiyefikia hata nusu ya Mwamini ubaoni.

Mwamini hakulalamika. Jumatatu alisimama mstarini, mbele ya shule nzima, akasema alichokifanya na jina la aliyemfanyia, akaomba radhi. Wapo walimu waliomnunia kwamba anaivunja heshima ya ualimu. Akawaambia heshima yenyewe aliivunja zamani, pale mstarini alikuwa anakiri tu.

Siku zilizobaki, kila walipopishana kwenye korido, Firdausi alikuwa anapiga goti. "Shikamoo mwalimu." Adabu kamili, hajakosa hata siku moja. Na Mwamini anaitikia, "Marahaba, Firdausi," anasimama kidogo akitumaini mtoto ataongeza neno. Mtoto haongezi. Anapita.

Sasa sikilizeni walimu wenzangu, na nyie wazazi, na nyie wajomba wenye midomo. Utani ni wetu, sitaki mtu aniambie tuutupe. Ila utani ni wa wawili. Kabla hujamchekesha mtu kwa rangi ya mtoto, au kabila lake, au macho aliyopewa na Mungu, jiulize swali moja tu: na yeye ana ruhusa ya kunijibu? Kama hana, huo si utani. Unampiga, na darasa linajifunza namna ya kupiga.

Mwamini bado mwezeshaji. Kila semina anaanza na habari hii, na kila akifika pale kwenye kicheko chake, sauti inamkatika.

Jina la mtoto nimelibadilisha, mama yake aliniomba. La mwalimu nilitaka kulibadilisha pia. Mwenyewe amekataa.